Mzinga wa baruti: uuwashe kwa njia ipi?

Mtu akiniuliza auwashe mzinga wake kwa kitu gani, nami humuuliza: mtu akikatiza mbele ya mtutu sekunde ya mwisho, utaweza kuuzuia usilie? Nachagua njia kwa jibu la swali hilo.

Utambi wa kuchomeka tunduni, yaani kwenye kitundu cha kuwashia kilicho juu ya mtutu, ni rahisi kuupata, lakini mbele ya watu siutumii. Utambi wa dukani huungua kama sentimita moja kwa sekunde. Ukikata wa sentimita 10, kwa sekunde 10 mzinga hauna mwenyewe. Niliwahi kuona mtoto akipita chini ya kamba ya uzio kumfuata mbwa, utambi umebaki kama ukucha. Mwenzetu alimvuta kwa kola ya shati, na mzinga ukalia. Mpaka leo nikiona utambi unatoa cheche namtazama kwanza yule aliye karibu na kamba.

Utambi wa polepole ni kitu kingine. Ni kamba ya pamba au katani iliyolowekwa kwenye maji ya shura (chumvi ya kutengenezea baruti) ikakaushwa; haina mwali, inafuka tu kama kijiti cha udi. Huzungushwa kwenye fimbo ndefu, na mzinga haulii mpaka kaa la moto la kamba hiyo liguse baruti ya tunduni. Ukisita, unainua fimbo, basi. Simama pembeni, nje ya gurudumu, ulete kaa kwa ubavuni. Moto hufoka tunduni kwenda juu, usiuinamie. Ubaya wake ni kwamba moto upo kiwanjani muda wote mnaposhindilia baruti. Fimbo ikae upande upepo unakoelekea, mbali na sanduku la baruti, na sanduku lifunikwe kila mara.

Ninayoipenda zaidi ni fataki ya kuvuta: kibomba chembamba cha shaba chenye waya wa meno ndani, kama zile zilizotumika sana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861–1865. Hakuna moto wowote mpaka kamba ivutwe. Toboa kwanza mfuko wa baruti ulio ndani ya mtutu kwa sindano kupitia tunduni, ingiza fataki, na ndoano ya kamba iwe ya mwisho kabisa, aliyeshika mdeki, ile fimbo ya kushindilia, akiwa ameshaondoka mdomoni mwa mtutu. Vuta mara moja kwa nguvu. Ukivuta kwa woga waya hutoka bila kuwaka. Ni ghali kuliko utambi, na unyevu huiharibu, kwa hiyo zangu nazitunza kwenye kopo la kifuniko cha kubana.

Umeme nao ni mzuri ukitaka kukaa mbali, ila ufunguo wa kisanduku cha kuwashia ukae mfukoni mwa anayeunganisha nyaya.

Mzinga ukigoma kulia, usiusogelee. Mimi hungoja nusu saa kwa saa ya mkononi, mtutu ukiwa bado umeelekea kusiko na watu, halafu nakuja kwa ubavuni na kumimina maji tunduni mpaka yachuruzike mdomoni.