Viazi vya jibini: kuvigandisha na kuvipasha bila visigeuke uji

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara tatu, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Viazi vya jibini, vile vya kupanga slaisi kwenye trei, kumwagia mchuzi mweupe na kuoka, vinakaa kwenye friza bila shida. Friza mnaisingizia tu. Kinachoviharibu ni maji: yaliyobaki ndani ya viazi, ya mchuzi mwepesi, na ya mvuke wa chakula kilichofunikwa kikiwa moto.

Hapa Nakuru wengi wetu tunapika Shangi kutoka Molo na Mau Narok. Ni kiazi kizuri ila kina haraka: kinaiva upesi, na ukikiweka nyumbani kinachipua upesi vilevile. Chagua vigumu. Chenye rangi ya kijani mwachie muuzaji.

Hatua ya 1: Chemsha, kisha kausha. Kata slaisi za nusu sentimita, uzitie kwenye maji ya chumvi. Msifuate dakika za vitabuni. Mji wetu uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo mapishi ya mtu wa Mombasa yatakudanganya. Tumia kisu: kiingie, lakini kikipata ubishi kidogo katikati. Mwaga maji, rudisha sufuria motoni dakika moja, uitikise taratibu. Mvuke utapanda, na slaisi zitaanza kuonekana kama zimepakwa poda pembeni. Hapo zimekauka.

Msigandishe viazi vibichi. Vinatoka vyeusi, na ukivibinya vinatoa maji kama sponji.

Hatua ya 2: Mchuzi mzito kuliko unavyodhani. Kwa kilo moja ya viazi: siagi vijiko 3 vikubwa, unga wa ngano vijiko 3, maziwa nusu lita, jibini gramu 200. Kaanga unga kwenye siagi kwa moto mdogo, mimina maziwa kidogo kidogo ukikoroga. Chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Njia ya kidole ibaki wazi, isijifunge. Epua ndipo utie jibini, maana ikichemka inaachia mafuta. Cheddar ya kipande, ukaikuna mwenyewe, ndiyo ninayoiamini. Mozzarella inavutika vizuri kwenye picha, ladha ni kidogo. Mala usitie, itakatika ikiyeyuka.

Hatua ya 3: Oka, usimalize. Nyuzi 180, dakika 30. Itoe, juu ikiwa bado na rangi ya majani makavu. Rangi ya kahawia tunaiwekea siku ya kula.

Hatua ya 4: Ipoe, ndipo ifungwe. Iache wazi ipoe, lakini isizidi saa mbili mezani. Hapa kuna ujanja ambao ningefundishwa mapema ningeokoa trei nyingi zisikwame ndani ya friza mwezi mzima: kabla ya kupanga viazi, tandika foili kwenye trei, ncha zikining'inia nje. Chakula kikishaganda, shika zile ncha, unainua bonge lote. Lifunge kwa foili nyingine, tia kwenye mfuko, kamua hewa, bandika tarehe. Likae miezi 2. Likizidi hapo halitakudhuru, mradi friza iko nyuzi 18 chini ya sifuri, ila ladha inaanza kufanana na ya friza yenyewe.

Hatua ya 5: Kupasha. Toa bonge usiku, bandua foili, lirudishe kwenye trei lilikozaliwa, uliweke friji. Kesho yake: nyuzi 180, dakika 25 likiwa limefunikwa, kisha 15 wazi ukiongeza jibini kidogo juu. Katikati pafike nyuzi 74. Kama huna kipimajoto, chomeka kisu katikati, hesabu hadi kumi, kiguse mkononi. Kikiwa vuguvugu, rudisha.

Na bakuli la glasi lisitoke friza likaingia oveni ya moto. Langu lilipasuka Jumapili ya Pasaka, wageni wakiwa sebuleni. Tulikula chapati na kabichi.

Maswali ya wanachama

*Dada, mimi sina oveni. Jiko la makaa litafaa?*

Linafaa sana. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, trei ndogo juu yake, kifuniko bapa na makaa juu ya kifuniko. Makaa mengi yawe juu kuliko chini. Ukifunua, inua kifuniko bila kukiinamisha, la sivyo utakula majivu.

*Stima ikipotea je? Huku Njoro ni kawaida.*

Usifungue mlango. Friza iliyojaa inashikilia baridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24. Mimi najaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Bonge likiwa bado na barafu ndani unaweza kuliacha ligande tena, ingawa litakuwa na majimaji.

*Na maikrowevu?*

Kipande cha mtu mmoja, nguvu ya kati, kijiko cha maziwa juu. Ukoko sahau.

*Mama, nataka kumpelekea mamangu Kisumu kwa matatu.*

Lipeleke likiwa jiwe. Lifunge kwa magazeti, ndani ya kibaridi chenye barafu, na mzigo ukae miguuni pako, usiende buti. Safari ni ya saa tatu au nne. Litafika limeanza kulegea pembeni tu. Liende friji moja kwa moja, lipashwe kesho yake.

*Kilichobaki baada ya kupasha kirudi friza?*

Hapana. Friji, kiliwe kesho.

*Mzee wangu anasema hizi ni waru za wazungu, hawezi kushiba bila ugali.*

Msongee ugali mdogo kando. Wangu alianza hivyohivyo. Siku hizi ndiye anayefungua friza usiku kuhesabu yamebaki mabonge mangapi.