Namna ya Kusimamia Bendi ya Roki Ukiwa Tanga

Tanga si mji mgeni kwa bendi. Katika miaka ya 1960 Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilitamba kutoka hapa, na historia ya muziki wa dansi nchini inamfundisha meneja wa bendi ya roki jambo la kuanza nalo: bendi nyingi zilikuwa mali ya mwenye vyombo, na palipozuka mgogoro wa fedha wapigaji walihama wakamwachia magitaa yake. Kwa hiyo, kabla hujatafuta onyesho hata moja, andika mkataba unaoeleza vyombo ni vya nani, jina la bendi ni la nani, na nani anabaki nalo mmoja wenu akijitoa.

Kipengele cha malipo yako ndicho kinachovunja urafiki, nacho hakitoshi kutaja asilimia tu bila kusema ni asilimia ya nini. Tuseme watu 180 wamelipa kiingilio cha shilingi 10,000, yaani 1,800,000, na ukumbi, mitambo na usafiri vimekula 700,000. Asilimia 15 ya pato zima ni 270,000. Asilimia 15 ya kilichobaki baada ya gharama ni 165,000. Ninapendekeza njia ya pili, kwa sababu meneja anayelipwa kabla ya gharama hana haraka ya kuzipunguza. Brian Epstein, aliyeanza kuisimamia bendi ya Uingereza, The Beatles, mwaka 1962, alikuwa mwaminifu na mchapakazi, lakini upande wake ulikubali mkataba wa bidhaa zenye jina la bendi uliowapa wafanyabiashara asilimia 90 ya mapato. Uaminifu, basi, haukuondolei wajibu wa kumpelekea wakili karatasi aisome.

Nyimbo zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zikiwa na majina ya watunzi wote, na bendi isajiliwe BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kuhusu vibali vya onyesho, muone mapema afisa utamaduni wa halmashauri.

Unapozungumza na mwenye ukumbi, usiishie kwenye bei. Kumbi nyingi zimezoea mwimbaji anayekuja na muziki uliorekodiwa, ilhali roki inahitaji dramu, gitaa la besi na vikuza sauti vya magitaa, vyote vikisikika kwa pamoja bila kumeza sauti ya mwimbaji. Uliza mitambo ina njia ngapi za kuingizia sauti, jenereta inabeba mzigo gani umeme ukikatika, na fundi mitambo atafika saa ngapi, kisha yaandike majibu hayo kwenye mkataba pamoja na malipo ya awali ya nusu.

Usiku wa onyesho, kaa mlangoni, si jukwaani. Tiketi ziwe na namba, vishina vibaki kwako, na mtu wa ukumbi ahesabu pamoja nawe fedha kabla hazijatoka mezani, kwa kuwa hesabu ya kesho asubuhi huwa na maneno mengi kuliko noti.

Mkialikwa Dar es Salaam, msirudi usiku uleule kupitia Chalinze na Segera, dereva akiwa amekesha na wapigaji wamechoka. Malazi yahesabiwe ndani ya bei unayomtajia mwenyeji tangu simu ya kwanza, maana akishakubali bei ya chini hatakuongezea hela ya vyumba.