Ukitaka kwenda kikao cha AA (Alcoholics Anonymous, watu wanaosaidiana kuacha pombe) kwa mara ya kwanza
Kama wewe au ndugu yako anataka kuacha pombe na mko Kenya, pigeni 1192. Ni namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo, na mshauri atawaelekeza pa kuanzia. Ulizeni pia kuhusu vikao vya AA. Vingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa, lakini Mwislamu au asiye na dini asisite: AA haifungamani na dhehebu lolote.

Uliza mapema kama kikao ni cha wazi au cha kufungwa. Cha wazi unaweza kuingia na mkeo, kaka au rafiki. Cha kufungwa ni cha wale tu wanaotaka kuacha pombe. Hakuna ada. Kikapu cha mchango kikikufikia, mpe wa pembeni, basi. Jina la kwanza linatosha, na ukikaribishwa kusema unaweza kujibu, "Leo nasikiliza." Hakuna atakayekushurutisha.

Nakuomba sana, kikao kikiisha usitoke mbio. Baki kidogo, omba namba ya simu ya mtu aliyekaa muda mrefu bila pombe. Ndiyo utakayoipiga Ijumaa jioni kiu ikikubana. Na kama kikundi hicho hakikukukaa moyoni, jaribu kingine kabla ya kukata tamaa.

Ila anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake nyumbani. Aonane na daktari kwanza, maana anaweza kutetemeka, kupatwa na degedege, hata kufariki.