Mchoro wa pinboli ya benga: anza na matundu, picha baadaye

Msanii aliyezoea kupamba matatu akipewa pinboli, ile mashine ya mchezo ya kurusha mpira wa chuma kwenye ubao ulioinama, na kuambiwa aipambe kwa benga, muziki wa gitaa wa Kenya, kwanza huchora picha kali, kisha ndio aanze kutafuta pa kupitisha taa. Hapo kazi imeshaharibika. Kwenye pinboli, picha hufuata matundu, taa na njia za mpira.

Ubao wa kuchezea wa kawaida una upana wa inchi 20.25 na urefu wa inchi 42, yaani takriban milimita 514 kwa 1067. Mwombe fundi ule mchoro wa vekta (wa mistari ya kompyuta, usiopoteza vipimo) alioutumia kukatia kwenye CNC, mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, uchore juu yake. Usipige ubao picha kwa simu: lenzi hupinda kingo, na ukifika juu utakuta taa zimehama. Kwa nukta 300 kwa inchi, faili inatoka pikseli 6075 kwa 12600.

Kabla ya kutia rangi, chapisha mistari mitupu kwa ukubwa kamili. Karatasi ya A0 inatosha, na duka lolote linalochapisha ramani za majengo litakutolea. Ibandike kwenye ubao wowote wenye urefu uleule, inua upande wa juu sentimita 12, nawe usimame chini anaposimama mchezaji. Huo ndio mwinamo wa nyuzi 6.5. Utaona herufi za juu zimebonyea na duara limekuwa yai, kwa hiyo refusha yaliyo juu mpaka jicho liridhike. Angalia pia eneo la flipa, ile mikono ya kupigia mpira: mpira ni chuma king'aacho cha milimita 27, na ukichora hapo vitu vingi vya kijivu na vyeupe, mchezaji ataupoteza. Weka rangi nzito iliyotulia.

Benga inajipanga vizuri kwenye ubao. Nyatiti, ala ya Waluo, ina nyuzi nane, basi weka taa nane, kila shabaha ikipigwa uzi mmoja uwake. Shingo ya gitaa ilaze kwenye mstari unaotoka ncha ya flipa hadi njia ya juu, ili mchoro wenyewe uonyeshe pa kulenga. Ile sehemu ya klaimaksi, gitaa linapokimbia, ndiyo pa kuachia mipira mingi kwa pamoja. Itengee rangi isiyotumika kwingine kokote.

Vidirisha vya taa, yaani vipande vya plastiki vinavyopitisha mwanga kwenye ubao, ndivyo vinavyotofautisha fundi na mbahatishaji. Zungushia kila kimoja mstari mweusi wa milimita 2: moja ikalie plastiki, moja ikalie mbao. Printa na CNC hazikubaliani kabisa, na bila mstari huo utaona hilali ya mwanga ikichungulia pembeni. Kisha kuna wino mweupe. Mbao ni ya kahawia, hivyo rangi zinahitaji weupe chini yake, lakini juu ya kidirisha weupe huo huziba taa. Tengeneza tabaka la weupe peke yake, utoboe vidirisha vyote, na upunguze kingo zake kwa milimita 0.3 usije ukachomoza nje ya rangi. Maandishi juu ya kidirisha yawe meusi tu. Bluu juu ya plastiki nyekundu inatoa tope.

Plaiwudi ya milimita 12 ipo tele soko la Gikomba, Nairobi, ila itazame ubavuni kwanza. Ukiona mapengo kati ya matabaka, iache. Pengo likiangukia chini ya kidirisha, kitadidimia. Tundu la kidirisha hukatwa kwa hatua mbili, la chini likiwa dogo kidogo ili plastiki ipate pa kukalia. Gundisha kwa epoksi, pitisha rula ya chuma juu, piga msasa mpaka isikwame popote. Puliza klia ya magari (rangi angavu ya kung'arisha) ya kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha; ikikauka piga msasa wa maji namba 600, ndipo upeleke kwa printa ya UV, inayokausha wino kwa mwanga. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki: bandika selotepu, ing'oe kwa nguvu. Wino ukitoka nayo, uso haujakwaruzwa vya kutosha.

Juu ya wino puliza klia mara mbili au tatu. Vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali, kwa sababu ile ya vumbi haizuii mvuke wa hadna. Usipulize mvua ikinyesha, klia itapata ukungu mweupe. Subiri wiki tatu au nne kabla ya kufunga chochote, na baridi ya Julai ikikukuta, ongeza.

Kioo cha nyuma, kile cha picha kinachosimama mbele ya mchezaji, chapisha kinyume, kwa upande wa nyuma wa akriliki ya milimita 3: rangi, kisha weupe, kisha weusi pale usipotaka mwanga upite. Ngozi nyeusi za wanamuziki hupauka au huwa tope zikimulikwa kutoka nyuma. Punguza wino mweusi, uzijenge kwa nyekundu na njano. Jaribu na ukanda wa LED wa barabara ya Luthuli, Nairobi, chumba kikiwa giza, uzibe kila kitobo kinachovuja. Na kama sura ni ya mwanamuziki halisi, pata ruhusa ya maandishi kwanza. Picha ya jalada la santuri nayo ina mwenyewe, mara nyingi si mwimbaji.

Plastiki zinazofunika manati, vile vipande vya pembetatu vinavyorusha mpira juu ya flipa, ziwe polikaboneti. Akriliki hupasuka mpira ukiigonga. Mbavu za sanduku hazisumbui: rangi tatu, maumbo makubwa, stika.

Wakati wa kufunga, kila tundu la skrubu lililojaa klia lianze kwa biti inayozunguka kinyume, mpaka iguse mbao, kisha ndio uigeuze. Ukitoboa moja kwa moja, klia itabanduka na wino wake.