Mama asivuje damu baada ya kujifungua: angalia kibofu

Wakunga wawili wapya waliniomba niwaandikie nilichowaonyesha leba wiki iliyopita. Ndicho hiki.

Hatua ya 1. Oksitosini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10 iwe tayari kabla mtoto hajatoka. Inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyoshinda dirishani siiamini, hata kama tarehe yake bado.

Hatua ya 2. Mtoto akitoka, papasa tumbo uhakikishe hakuna pacha, kisha mchome mama pajani ndani ya dakika 1. Kama hamna oksitosini ya kuaminika, ameze misoprostoli, vidonge 3 vya maikrogramu 200.

Hatua ya 3. Kondo mnajua kulitoa. Likagueni lote, na utando wake.

Hatua ya 4. Kibofu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na mama wa uzao wa nne. Sindano kachomwa, kondo limetoka zima, hajachanika popote, lakini damu inachuruzika tu, haikati. Nikikanda tumbo, mfuko wa uzazi unakuwa mgumu kama paji la uso, nikiachia, unalegea. Nikatundika dripu, nikakanda mpaka mikono ikafa ganzi. Ilipita karibu saa nzima. Sista wa zamu ya usiku akaingia, akaweka kiganja tumboni. "Mwanangu, mama huyu kakojoa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mfuko ulikuwa umepanda juu ya kitovu na kuelemea kulia. Akapitisha mpira wa kutolea mkojo, mkojo ukajaa beseni dogo. Mfuko ukashuka pale pale, ukakaza, haukulegea tena.

Kibofu kikijaa kinausukuma mfuko wa uzazi, unashindwa kusinyaa, na mishipa pale kondo lilipokuwa imeshika inabaki wazi. Kwa hiyo akojoe kabla ya kusukuma, na akojoe tena baada ya kondo. Akisema "sisikii mkojo," usiridhike: baada ya uchungu mrefu wengi hawausikii, na aliyekuwa na dripu hujaa haraka. Msaidie akojoe mwenyewe kwanza, maana mpira huingiza vijidudu. Ila damu ikiwa inatoka tayari, usisubiri, pitisha mpira.

Hatua ya 5. Shika tumbo kila dakika 15 kwa saa 2. Damu pima, usikisie kwa macho. Khanga nyekundu ya maua inanyonya damu nyingi na hutaiona. Mimi napenda mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, unaotandikwa chini ya mama. Nikiwa nao situmii kipimo kingine. Ikifika mililita 500, au 300 huku mapigo yanakimbia au presha inashuka, ita wenzako na mfanye yote kwa mpigo: kukanda, dripu ya oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande) gramu 1 kwenye mshipa taratibu kwa dakika 10 (ndani ya saa 3 tangu ajifungue), kukagua michaniko. Utafiti uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukatolewa 2023, ulionyesha kwamba kupima hivi na kuyafanya pamoja kunapunguza sana uvujaji mkubwa. Kama mko zahanati, gari la rufaa liitwe mkono wako ungali tumboni kwa mama.