Namna ya Kuzuia Matumizi Mabaya ya Tiketi na Vitambulisho vya Wanafunzi katika Mechi za Vyuo Jijini Mwanza

Mwongozo huu unawahusu mawaziri wa michezo wa serikali za wanafunzi na kamati zinazoandaa mechi za vyuo katika viwanja kama Nyamagana na CCM Kirumba, pale inapoamuliwa kwamba mwanafunzi alipe kiingilio cha chini kuliko watazamaji wengine. Nafuu hiyo imewekwa kwa ajili yake, na kila inapochukuliwa na asiyestahili, fedha inayopotea ni ile ambayo ingenunua jezi au kulipia nauli ya timu ya chuo.

Zijue kwanza mbinu zenyewe. Iliyozoeleka zaidi ni kuazimana vitambulisho, ambapo mwanafunzi akishaingia humpenyezea mwenzake kadi kupitia uzio, na kadi moja ikaingiza watu watatu. Wapo wahitimu wanaoendelea kutumia vitambulisho vya vyuo walivyokwisha kuondoka, na wapo wanafunzi wanaonunua tiketi kumi za bei ya chini ili wazilangue nje ya uwanja. Mbinu ambayo wengi huona haya kuitaja hutokea getini penyewe: mpokeaji wa tiketi haichani, bali huirudisha kwa muuzaji ikauzwa mara ya pili. Nilihudhuria bonanza moja ambalo watazamaji walijaa hadi pembezoni mwa uwanja, lakini hesabu ya jioni ilitoa fedha kidogo kiasi kwamba wachezaji walichangishana ili waamuzi walipwe. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa vijana wale walikuwa wametoka kucheza dakika 90 kwa ajili ya chuo chao.

Tiba kubwa haipo getini, ipo kwenye mauzo. Tiketi za wanafunzi ziuzwe chuoni siku mbili au tatu kabla ya mechi, kila mmoja auziwe moja tu kwa kuonyesha kitambulisho chake, na muuzaji aandike namba ya usajili ya mnunuzi kwenye tiketi na kwenye kishina kinachobaki kitabuni. Tiketi hizo ziwe na rangi tofauti na za watu wengine, na kila moja iwe na namba yake ya mfululizo. Baada ya hapo mkaguzi hana haja ya kumhoji mtu: anatazama kama namba iliyo kwenye tiketi ndiyo iliyo kwenye kitambulisho, na kama picha inafanana na aliyesimama mbele yake. Mlanguzi hapati soko, maana tiketi yenye namba ya mtu mwingine haimfai mnunuzi. Mkitumia tiketi za simu zenye msimbo wa QR, hakikisheni mfumo unaukubali msimbo mara moja tu. Hata hivyo ukaguzi wa kitambulisho ubaki palepale, kwa sababu picha ya msimbo ikisambazwa, anayewahi ndiye anayeingia na mwenye tiketi halali huachwa nje.

Suala la muda hupuuzwa mno, na ndilo linalovunja utaratibu wote. Ikiwa kumkagua mtu mmoja kunachukua sekunde 10, mstari mmoja utapitisha watu sita kwa dakika, yaani 360 kwa saa. Wanafunzi 1,000 wanahitaji mistari mitatu kwa muda wa saa nzima, na kama mechi inaanza saa kumi jioni, mageti yafunguliwe saa nane na nusu. Kamati inayofungua geti moja saa tisa na nusu itasukumwa na umati hadi wakaguzi waache kukagua, na hapo mbinu zote nilizozitaja hupita kwa pamoja. Mistari ya wanafunzi iwe mbali na uzio unaoweza kupitisha kadi. Msitegemee muhuri wa wino mkononi kama ushahidi pekee, kwa kuwa ukiwa mbichi hunakilika kwa kugandamiza mkono kwa mkono, na jasho au mvua huufuta. Kwa dada aliyevaa nikabu, awepo mkaguzi wa kike na sehemu ya faragha ya kulinganisha picha.

Kwa vitambulisho vya kughushi na vya waliokwisha kuhitimu, ombeni ofisi ya msajili ithibitishe namba za usajili zilizo hai. Orodha hiyo iwe na namba na majina tu, ikae kwa mtu mmoja anayewajibika, na iharibiwe baada ya mechi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata waandaaji wa mechi.

Nchini Marekani, ambako mechi za vyuo za mpira wa Kimarekani hujaza viwanja kama ule wa Chuo Kikuu cha Michigan wenye viti 107,601, vipo vyuo vinavyomruhusu asiye mwanafunzi kuitumia tiketi ya mwanafunzi baada ya kulipiwa nyongeza. Naona njia hiyo inafaa sana kwetu. Wekeni kibanda kando ya geti ambapo aliyekuja na tiketi isiyo yake atalipa tofauti ya bei, apewe risiti na kuingia, bila kufokewa mbele ya watu. Mkaguzi amwambie kwa upole, "Samahani kaka, tiketi hii ni ya mwanafunzi, pale kibandani utaongeza kiasi kilichobaki." Wengi watalipa, kwa sababu walichokuja kutafuta ni mpira.

Kitambulisho cha kuazima kipokelewe na mwakilishi wa mlezi wa wanafunzi aliyepo uwanjani, kwa maandishi, na mwenyewe akifuate ofisini asubuhi ya siku ya kazi inayofuata. Mlinzi asikae nacho mfukoni wala kudai fedha ili akirudishe, kwani mwenye kadi hiyo huenda akaihitaji kuingilia kwenye mtihani. Kitambulisho cha kughushi ni jambo zito zaidi, kwa kuwa kughushi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kikabidhiwe kwa uongozi wa chuo na polisi waliopo, bila kumpiga wala kumpekua mtu.

Anayeuza tiketi asiwe anayezipokea, na kila tiketi ichanwe mbele ya aliyeileta. Filimbi ya mwisho ikilia, watu watatu wasiohusika na mauzo wahesabu vishina, vipande vilivyochanwa na fedha kabla ya kuondoka uwanjani, watie saini, na nakala ya hesabu hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila chuo kilichocheza.