Kabla ya springi fupi, cheza na upepo wa tairi
Gari la kila siku kama IST likigoma kukata kona kwenye mashindano ya koni (kuzungusha gari kati ya koni kwa kasi), wengi hukimbilia Kariakoo kusaka springi fupi. Anza na chaki ya ubaoni, bei ya karanga. Chora mistari mitatu kila tairi, kutoka ukingo wa kashata (ile sehemu yenye meno inayokanyaga lami) hadi ubavuni. Tairi likiwa la baridi, weka upepo mbele psi 36 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji), nyuma 34, piga raundi moja ya nguvu, kisha angalia. Chaki ikifutika kupita kale kapembetatu kadogo kalikochorwa ubavuni, tairi linalala: ongeza psi 2. Ikibaki hadi juu ya kashata, upepo umezidi. Nyuma ukiongeza kidogo, mkia unalegea na pua inageuka. Lami ikiwa na maji, usijaribu. Jua la Dar nalo linadanganya, kila nyuzi 6 hivi hupandisha psi 1, kwa hiyo tembea na geji yako, siyo ile ya sheli. Usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Ukimaliza, acha matairi yapoe ndipo urudishe vipimo vya stika ya mlangoni. Ila bushi (raba za maungio) za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu zikiwa zimechanika, yote haya ni bure: ingiza mtarimbo, tikisa, ukiona mkono unacheza badili kwanza.